Kafutia miwani swali langu! Na huyu ndiye wa kutufundisha vyama vya siasa?

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi, hata viatu sijavua. Yule bwana mnayemjua, sina haja ya kumtaja, mwenye rangi ya chama kuanzia kofia hadi soksi, leo kanidhalilisha mbele ya kadamnasi.

Mada ilikuwa kazi za vyama serikalini. Kaongea mpaka naapa kuna mtoto alizaliwa humo ndani akaota meno. Chama tawala, chama tawala, chama tawala. Maswali tukaambiwa tuandike kwenye karatasi. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa mtihani: "Upinzani una kazi gani katika kuendesha nchi?" Karatasi ikapita mkono kwa mkono hadi meza kuu. Akaifungua, akaisoma kimoyomoyo, akatabasamu. Kisha akavua miwani AKAIFUTIA. Kioo cha kushoto. Akapuliza, haah. Kioo cha kulia. Akaivaa, akasema: "Kazi ya upinzani ni kushindwa. Swali jingine."

Ukumbi mzima kicheko. Hata jirani yangu niliyemwazima kalamu!

Kushindwa? Uingereza kiongozi wa upinzani bungeni analipwa mshahara na serikali tangu 1937. Wanamlipa mtu ashindwe? Huko huko, kamati ya bunge inayokagua hesabu za serikali mwenyekiti wake hutoka upinzani. Wana mawaziri vivuli, kila waziri na mtu wake wa kumkodolea macho. Ila nabishana vipi na mtu aliyefanya swali kitambaa? Tena karatasi akaikunja vizuri akatia mfukoni. Ya kesho hiyo.

Kipanga: Pole mkuu. Miwani lakini ilitakata?

Mleta uzi: Ilitakata. Ndicho kinachoniuma.

Mzee wa Kona: Dogo, siku nyingine andika kwenye boksi.

Asali Chungu: Mnalia na chama tawala, njooni muone mseto. Ubelgiji walipiga kura Juni 2010, serikali ikapatikana Desemba 2011. Siku 541 vyama vinavutana! Na ikishaundwa, kachama kenye viti vitatu kakinuna, baraza zima la mawaziri linaugua tumbo.

Kipanga: Ndiyo mambo ya viti kugawanywa kwa uwiano wa kura hayo. Ujerumani wakaweka kizingiti cha asilimia 5, vidogo vibaki nje. Uholanzi hawana hicho kizingiti: bunge la viti 150, kura zako zikitosha kiti kimoja umeingia. Wana hadi chama cha kutetea wanyama.

Mzee wa Kona: Yaani ng'ombe ana mbunge, mimi nimekaa tu hapa.

Binti wa Pili: China ina vyama vingine vinane pembeni ya kile kikuu, na vyote vinakubali kuongozwa nacho. Upinzani wa kumridhisha yule bwana huo hapo. Haumwandikii karatasi.

Mleta uzi: Asante dada! Sasa turudi kwenye miwani. Alipopuliza ile haah...

Mtu Huru: Tumekusikia, kapuliza. Wenye kilio ni sisi tusiotaka chama chochote. Tanzania hugombei ubunge bila kudhaminiwa na chama. Mgombea binafsi hakuna. Sisi tusiopenda sare twende wapi?

Asali Chungu: Anzisha chako.

Mtu Huru: Nilianzisha. Tulikuwa wawili, tukagawanyika kambi tatu.

Kipanga: 😂😂 Ya tatu ya nani?

Mtu Huru: Ya wote wawili tukiwa hatusalimiani.

Mleta uzi: Jamani, na karatasi yangu?

Mzee wa Kona: Dogo subiri kwanza. Mtu Huru, nafasi ya mweka hazina ina mtu?