Yah: Sentensi za "if" kabla ya mtihani na usaili

Binti Uyole anaandika:

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu hamjambo.

Mimi ni muuguzi, nipo Mbeya, Uyole. Natafuta usajili wa Uingereza. NMC, baraza la wauguzi na wakunga la huko, linataka IELTS, mtihani wa Kiingereza, ya 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika. Kuandika ndiko kunanisumbua. Mwalimu wangu wa tuisheni hapa Mwanjelwa kila karatasi anazungushia "if" kwa kalamu nyekundu. Kitabu kinasema kuna aina sifuri, ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu mchanganyiko. Nimezikariri zote, lakini nikianza kuandika zinayeyuka. Sasa hivi nazikwepa kabisa, naandika sentensi fupifupi tu. Mliotangulia mlifanyaje?

Mwalimu wa Mafinga, sasa Leicester, Uingereza:

Marahaba binti yangu. Kamwene.

Kukwepa hakutakufaa. Kwenye IELTS robo ya alama za kuandika inatokana na sarufi, na wanaangalia vitu viwili: upana na usahihi. Ukiandika sentensi fupi tupu utakuwa sahihi bila upana.

Ila hizo namba ziweke pembeni kwanza. Nilifundisha Kiingereza sekondari huko Mufindi kabla ya kuja huku, na wanafunzi walioweza kutaja aina zote bila kigugumizi ndio haohao walioandika "If I would have money, I would buy". Jina la aina haliwezi kuzuia kosa hilo, kwa sababu linatoka kwenye Kiswahili chetu kilichonyooka. Tunasema "ningekuwa na pesa, ningenunua": -nge- huku na -nge- kule, pande zote zifanane. Mwingereza haweki "would" upande wa "if". Upande huo anarudisha kitenzi nyuma hatua moja tu: "If I had money, I would buy a plot in Njombe." Hiyo "had" si habari ya jana, pesa zinazotajwa ni za leo, ila hazipo. Basi ukimaliza insha, pitia kila "if" uliyoandika. Ukikuta "would" imekaa upande huohuo, ifute na uweke kitenzi cha wakati uliopita. Utakutana na wahudumu wa hoteli wanaosema "if you would follow me", hiyo ni lugha ya kunyenyekea, kwenye insha huna kazi nayo.

Halafu kuna -ki-, na hapa kwa muuguzi naomba utulie. Sisi tukisema "ukifika Iringa nipigie" imetosha, iwe una hakika ya kufika au huna. Kiingereza kinakulazimisha uchague. "When you get to Iringa" ni kwamba utafika, tunasubiri saa tu. "If you get to Iringa" ni kwamba huenda usifike, labda malori yamekwama Kitonga. Sasa fikiria unamwambia mgonjwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji, "If you wake up, the nurse will give you water." Wewe ulikuwa na "ukiamka" yetu ya kila siku. Yeye amesikia kwamba kuna uwezekano wa kutoamka. Sema "when". Na iwe "when" au "if", usiifuatishe na "will": ni "when you wake up", si "when you will wake up".

Kuhusu aina ya tatu: shuleni tulifundishwa -ngali- kwa mambo yaliyokwisha kupita, lakini ni nani anaitumia sokoni? Mkulima wa Ilula akisema "ningeuza vitunguu mwezi uliopita ningepata faida", tunamwelewa, -nge- imebeba yote. Kwa Kiingereza haibebi. Jiulize kabla ya kuandika: jambo hili bado linaweza kugeuka, au limeshapita? Kama limeshapita, ni "had" upande mmoja na "would have" upande wa pili: "If I had sold the onions last month, I would have made a profit." Na kama jambo limepita lakini matokeo yake ni ya leo, basi kila upande ufuate wakati wake: "If my uncle had sold the land in Tukuyu, we would be renting now." Huo ndio mchanganyiko wa kitabu chako. Hauhitaji namba yake.

"If I were you" andika hivyohivyo kwenye mtihani. Mitaani huku utasikia "was", waachie wenyewe.

Mama Tukuyu, mji wa Reading, Uingereza:

Mwanangu, ndaga fijo kwa kuuliza, wengi wanaona haya.

Mwalimu amesema ya mtihani. Mimi niongezee ya usaili, maana nimewasindikiza mabinti kadhaa. Wakikuuliza "What would you do if a patient refused medication?", jibu kwa "would" mwanzo hadi mwisho: "I would ask the patient why, I would explain, I would inform the nurse in charge and write it in the notes." Wasichana wetu hujibu "I will", au wanaanza kusimulia kisa cha wodini kule nyumbani. Kisa kinatakiwa pale tu wakisema "Tell me about a time when...", na hapo unasema kilichotokea kweli, kwa wakati uliopita. Sikiliza kitenzi cha swali, jibu kwa kitenzi hichohicho.

Ukishafika, zitaanza barua, na kwenye barua "if" inavaa nguo nyingine. "Should you wish to appeal" haina maana kwamba inakupasa kukata rufaa. "Should" ikianza sentensi na mwisho hakuna alama ya kuuliza, isome kama "if". Vivyo hivyo "Had you informed us": ni kwamba hukutujulisha, na sasa wanakulaumu kwa adabu. "Provided that" na "as long as" kwenye mkataba wa nyumba maana yake ni sharti, ukilivunja ahadi yao nayo inaanguka.

Inayouma mfukoni ni "unless". Sisi tuna -sipo-, "usipolipa", na ukanushi uko humohumo ndani. "Unless" nayo imemeza "not" yake, kwa hiyo "unless you pay" ndiyo "usipolipa". Ukiandika "unless you don't pay" umegeuza maana juu chini. Mfano ulio hai ni faini ya maegesho ya halmashauri hapa England. Ukilipa ndani ya siku 14 unapunguziwa nusu, na barua nzima imejaa "if" na "unless". Isome na kalenda mkononi.

Binti Uyole:

Asanteni sana mama na mwalimu. Nimefuta "would" tano kwenye insha moja, aibu! Swali la mwisho: kwenye kusikiliza nilipata "If I'd known, I'd have come." Zote ni "I'd". Nitajuaje?

Mwalimu wa Mafinga:

Angalia kinachofuata. "I'd known": baada yake kuna "known", basi ni "I had". "I'd have come": baada yake kuna "have", basi ni "I would". Na "I'd go", kitenzi kikiwa kitupu, ni "would" pia. Wewe kwenye kuandika usifupishe, andika maneno kamili. Na ukiona wenyeji wanaandika "would of", usiwaige. Wanaandika wanavyosikia "would've", na msahihishaji hatakuhurumia.

Andika insha moja yenye "if" nne au tano, uitume hapahapa kwa wote wala si kwangu peke yangu, Mama Tukuyu naye aione. Ukiweza iwe kabla ya Jumamosi, wiki ijayo nipo zamu za usiku.