Filamu ya mzuka kwa watoto wa miaka 7 hadi 10: nianze na ipi?

MamaWaTabata: Habari za jioni wakuu. Jumamosi nina watoto watano wanakuja kulala hapa kwangu, mdogo ana miaka 7, mkubwa 10. Wameng'ang'ania filamu ya mzuka. Nataka iwasisimue, lakini pasiwe na wa kuniamsha saa 8 usiku. Nina TV ya inchi 43, sabufa na laptop, na projekta ya kuazima naipata tukitaka kukaa uani. Nimeambiwa nikiona alama ya PG basi ni salama. Ni kweli? Naomba kuwasilisha.

mpenda_sinema: Dada, PG usiiamini peke yake. Ni alama ya Marekani, kifupi cha Parental Guidance, yaani inamshauri mzazi aongoze, haisemi kwamba filamu ni ya watoto. Halafu tazama mwaka. PG-13, alama kali zaidi inayoonya kuhusu watoto walio chini ya miaka 13, ilianza Julai 1984, kwa hiyo filamu nzito za kabla ya hapo nyingine zilipita kwa PG tu. Poltergeist ya 1982 ina PG, na ndani yake kuna mtu anajinyofoa nyama ya uso mbele ya kioo cha bafuni.

Kwa kundi lako weka Casper ya 1995, kama dakika 100 hivi. Mzuka wenyewe ni mtoto mpweke anayetafuta rafiki, na wajomba zake watatu ni wakorofi wa kuchekesha. Ila jiandae kwa mambo matatu. Msichana wa kwenye hadithi amefiwa na mama. Casper anasimulia alivyocheza kwenye theluji mpaka usiku, akaugua, akafa. Na baba wa msichana anakwenda baa na wale wajomba, analewa na anakufa kabla ya kurudishiwa uhai. Kama kati ya hao watano yupo aliyefiwa hivi karibuni, hapo ndipo atakapoguswa, wala si kwenye vitu vinavyorushwarushwa.

Huyo wa miaka 10 akiona ni ya kitoto, siku nyingine mpe Monster House ya 2006. Nyumba yenyewe ndiyo hai na inameza vitu. Haina damu, lakini chini ya nyumba watoto wanakuta mwili wa mwanamke uliogandishwa ndani ya saruji, kwa hiyo wa miaka 7 asiwepo. Coraline ya 2009 iache kwanza. Ina PG, lakini anayetisha mle ana sura ya mama, macho yake ni vifungo, na anataka kumshonea mtoto vifungo kama hivyo. Mtoto mdogo akishaogopa sura ya mama, usiku atamkimbilia nani?

fundi_sabufa: Filamu umeshachaguliwa vizuri, sasa shughulikia sauti, maana mtoto hushtuliwa na sikio kabla ya jicho. Filamu hizi zimechanganywa kwa spika nyingi. Ukizicheza kwenye spika mbili na sabufa, maongezi yanakuwa madogo, unaongeza sauti usikie, kisha mlango unabamizwa na kila mtu anaruka.

Kwenye laptop tumia VLC, programu ya kuchezea video: bonyeza Ctrl na E, nenda sehemu ya sauti, washa kompresa (Compressor), inayopunguza sauti zikizidi ukubwa. Kizingiti (Threshold) weka desibeli -20, uwiano (Ratio) 4 kwa 1, halafu rudishia desibeli 6 (Makeup gain) ili maongezi yasikike. Kwenye TV nyingi kuna sauti ya usiku, inafanya kazi hiyohiyo. Sabufa itoe kwenye kona, kona inakuza besi. Isogeze mita 1 kutoka ukutani na besi ishushe hadi robo. Ule mngurumo wa chini ndio unaomfanya mtoto ahisi kuna kitu chumbani.

Taa usizime zote. Balbu ndogo ya wati 5 nyuma ya TV inatosha, na picha haififii.

Uani mimi nisingeshauri kwa mara ya kwanza. Dar jua linazama kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi, kwa hiyo projekta haionyeshi vizuri kabla ya saa 1 na robo, na mtamaliza karibu saa 3, yaani kutoka kwenye mzuka moja kwa moja kitandani. Pia umeme ukikatika projekta inazima, na watoto wanabaki gizani ghafla katikati ya mzuka. Ndani, anzeni saa 10 alasiri, na taa ya kuchaji iwe mkononi.

mwl_mbagala: Nyongeza kuhusu nakala zilizotafsiriwa: kwa watoto zikwepe. Mtafsiri mmoja anasemea wahusika wote, anapaza sauti pale filamu ilipotulia kwa makusudi, na mara nyingi mzuka anamwita jini au shetani. Neno jini mtoto wa Dar amelisikia nyumbani kama kitu cha kweli. Mzuka kwake ni neno jepesi, hata mpira ukinoga anasema ana mzuka. Chukua ya sauti ya asili, kaa katikati yao, uwatafsirie mwenyewe sentensi fupifupi kwa sauti ya kawaida.

MamaWaTabata: Asanteni sana. Itakuwa Casper, ndani, saa 10. Na mdogo akianza kulia katikati nizime?

mpenda_sinema: Usizime palepale, kwa sababu picha ya mwisho ndiyo atakayolala nayo. Shusha sauti mpaka sifuri, washa taa, mpakate, acha tukio lipite. Bila muziki ataona mzuka anapepesuka tu. Mkifika sehemu ya mchana au ya kucheka, hapo muulize kama anataka kuendelea. Akikataa, simamisha hapo.