Programu ikisema nakala ya jeni imepotea, tuiamini bila kupima tena?

Wadau, naleta hoja.

Jeni nyingi tunazirithi kwa nakala mbili, ya baba na ya mama, ila kuna vipande vya DNA ambavyo kwa baadhi yetu vimepungua au vimezidi. Watafiti wa magonjwa huvisaka kwa programu kama CNVnator ya mwaka 2011. Hiyo huhesabu vipande vya DNA vilivyosomwa na mashine kila eneo: vikijaa kupita kiasi, nakala imeongezeka, vikiwa haba, imepotea.

Mimi nasema jibu la programu moja ni dhana tu mpaka maabara ithibitishe.

Tazameni malaria. Jeni za GYPA, GYPB na GYPE, zinazohusu protini za chembe nyekundu za damu, zimepangana kwenye kromosomu 4, tena zinafanana mno hata kompyuta haijui kipande ni cha nani. Humo ndimo lilimokuwa limejificha badiliko la nakala liitwalo DUP4. Watafiti waliochapisha 2017 katika jarida la Science ilibidi wabuni hesabu yao wenyewe, wakiyaruka maeneo yasiyosomeka kwa uhakika. Wakakuta GYPB imepotea na jeni mbili chotara zimeingia, zile zinazoleta kundi la damu la Dantu. DUP4 hiyo hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40. Ipo Kenya, Afrika Magharibi hawakuiona. Kwa hiyo hata mtu akituambia programu yake "imejaribiwa kwa Waafrika", tumuulize Waafrika wa wapi.

Mchangiaji: Ndugu mleta mada, sampuli maelfu utazipima upya kwa fedha ya nani? Katika kundi kubwa makosa hufidiana. Ukishurutisha maabara, vyuo vyetu vidogo ndivyo vitakavyofungiwa mlango.

Mleta mada: Hoja ya fedha naikubali, ya kufidiana siikubali. DNA ya wagonjwa ikiandaliwa mwaka huu na ya wazima mwaka jana, kwa mashine nyingine, programu itaona tofauti ya maandalizi na kuiita ugonjwa. Kosa la namna hiyo huelemea upande mmoja, na sampuli zikiongezeka ndivyo linavyozidi kuonekana kweli. Wala sidai zipimwe zote. Chukueni chache zenye badiliko na chache zisizo nalo, mzipime kwa PCR, yaani kunakili kipande kimoja cha DNA mara nyingi ili kionekane, njia ambayo maabara nyingi tayari hutumia kutambua alfa-thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi. Na anayetaka kumpa mzazi jibu kuhusu mwanawe, huyo apime sampuli ya mtoto huyo huyo.