Mrejesho: ule mvinyo mwekundu mchanga niliotaka kuutunza miaka mitano

Wakuu, wabeja sana. Niliuliza kama mvinyo mwekundu wa Dodoma, wa zabibu za Makutupora za mavuno ya mwaka jana, unaweza kutunzwa miaka mitano hadi arusi ya mdogo wangu. Nilikuwa na chupa sita.

Nilifuata ushauri wa kufungua moja, kurudisha kizibo na kuonja kidogo kila jioni, ili hewa inionyeshe kwa siku chache jinsi mvinyo utakavyozeeka kwa miaka. Siku ya kwanza ulikaza fizi kama ndizi mbichi, nikadhani umeharibika. Kumbe ndiyo tanini, ile hali ya ukakasi inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na mlisema nisiihukumu peke yake, niangalie pia uchachu unaotoa mate na ladha ya tunda. Siku ya pili ukalainika, tunda likajitokeza vizuri mno. Siku ya tatu tunda likafifia, ukabaki mkavu, na harufu ya siki kwa mbali. Nimekubaliana na aliyesema miaka miwili au mitatu, si mitano. Arusi tutanunua mwingine.

Aliyenionya nisionje na sato alikuwa sahihi: nilijaribu, mdomo ukajaa ladha ya chuma.

Kwenye kuhifadhi nilikosea. Chupa moja niliiacha juu ya kabati, chini ya bati, hapa Igoma. Joto likasukuma kizibo, ukavuja, na sasa una ladha ya jamu iliyoungua. Inaniuma. Nne zilizobaki nimezilaza sakafuni chumba cha nyuma chenye giza, vizibo visikauke. Nyuzi joto 12 hadi 15 mlizotaja sizipati, ila angalau joto halipandi na kushuka. Inayofuata nitaifungua Desemba mwakani.