Kaka kapandikizwa moyo, dawa haifikii kiwango: naomba mawazo

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu.

Kaka yangu alipandikizwa moyo miezi michache iliyopita na tunamshukuru Mungu anatembea na kula mwenyewe. Kinachoninyima usingizi ni takrolimusi, dawa ya kuzuia mwili usiukatae moyo mpya. Kila akipimwa, kiwango kwenye damu kiko chini. Juzi kinyama walichokata kwenye moyo kimeonyesha 2R, wakamwekea dripu ya steroidi, na daktari mmoja akamuuliza mbele yangu kama kweli anameza vidonge. Mimi ndiye ninayempa, asubuhi na usiku, na namwangalia mpaka amemeza. Kaka alinyamaza tu, akageukia ukutani. Kuna anayejua dawa inapotelea wapi? Na hiyo 2R ni ya kuogopa kiasi gani?

Dada yenu

-----

Dada, pole sana, na mpe kaka pole nyingi. Mimi ni mfamasia, na kazi yangu ya kila siku ni wagonjwa waliopandikizwa viungo. Dozi itapangwa na wanaomtibu, lakini kuna swali moja ningewauliza kesho asubuhi: ameshapimwa kimeng'enya cha CYP3A5?

Takrolimusi ikimezwa hukutana na vimeng'enya viwili vya ukoo mmoja, CYP3A4 na CYP3A5, vilivyoko kwenye kuta za utumbo na ndani ya ini. Hivyo ndivyo vinavyoivunjavunja. Cha kwanza tunacho sote. Cha pili, Wazungu wengi wamezaliwa na jeni yake isiyofanya kazi, ilhali kwetu wenye asili ya Afrika ni kawaida kukuta inafanya kazi barabara. Mtu wa namna hiyo akianzishiwa dozi ya kawaida, dawa inaliwa njiani, na kipimo kitasoma chini hata kama hajakosa kidonge hata kimoja. Mwongozo wa mwaka 2015 wa CPIC, jopo la kimataifa la wataalamu wa kupanga dozi kulingana na jeni, umeliweka wazi: aanzie mara 1.5 hadi 2 ya dozi ya kawaida, bila kuzidi miligramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kisha afuatiliwe kwa vipimo vya damu. Jeni haibadiliki, kwa hiyo kipimo hicho ni cha mara moja tu, kwa damu au mate.

Inaniuma kila ninaposikia mgonjwa wetu ameulizwa kama anameza dawa kabla mtu hajaangalia ini lake linaifanyia nini dawa hiyo. Kuuliza si kosa, hata mimi huuliza. Lakini swali hilo lisiwe la kwanza na la mwisho.

Kwa nini kiwango kina uzito hivi? Chembe nyeupe za kinga zikigundua kwamba moyo ni mgeni, kimeng'enya kiitwacho kalsinurini huamka ndani yake na kuziamuru zizaliane. Zikishakuwa jeshi, hutoboa chembe za moyo na kuzipenyezea granzaimu, kimeng'enya kingine, ambacho huzifanya zijiue zenyewe. Takrolimusi huibana kalsinurini mwanzoni kabisa. Ikipungua, amri inatoka.

Kuhusu 2R: ngazi za kupima mwili unavyoukataa moyo, zinazotumika tangu 2004, ni 0R hadi 3R. Katika 2R wameona sehemu mbili au zaidi ambako chembe za kinga zimevamia na misuli imeanza kuharibika. Hutibiwa hata kama mgonjwa anajisikia mzima, na dripu aliyowekewa ndiyo tiba yake ya kawaida. Mara nyingi hutulia.

Wakati mnasubiri, kagua vitu vingine anavyotumia. Rifampisini ya kifua kikuu huchochea vimeng'enya hivi vibaya sana, na kiwango kikashuka. Vilevile mmea uitwao St. John's wort, ambao huuzwa bila cheti kwa watu wenye huzuni. Mwaka 2000 jarida la Lancet liliripoti wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo ambao saiklosporini yao, dawa ya kazi ileile ya takrolimusi, ilishuka baada ya kuanza kuutumia, na miili yao ikaanza kuukataa moyo. Siku ya kupimwa asimeze dozi ya asubuhi kabla damu haijatolewa. Abebe kidonge mfukoni, ameze baada ya sindano.

-----

Mwanangu, mfamasia kamaliza ya vidonge. Mimi ni mzee mwenye moyo wa kupandikizwa, niongeze ya kitandani.

Kaka yako ataogopa kile kipimo cha kukata kinyama, kaa naye. Unalala macho, unachomwa ganzi shingoni, kisha waya unapitishwa kwenye mshipa mkubwa hadi chumba cha chini cha moyo upande wa kulia. Kikoleo kilichoko mwishoni hung'ata ukuta wa kati na kutoka na punje ya milimita moja au mbili. Haiumi, ila kikibana tu moyo unaruka mapigo, na kwenye skrini unauona mstari wako ukiparaganyika. Wanachukua punje kadhaa kwa sababu moja inaweza kuwa safi na jirani yake imevamiwa.

Watu huuliza kwa nini wasipime damu tu. Vimeng'enya vinavyovuja misuli ya moyo ikiumia, kama CK-MB, havitoshi: mwili unaweza kuanza kuukataa moyo na vyenyewe havijapanda. Na msisubiri maumivu ya kifua, maana mishipa ya fahamu ilikatwa wakati wa upasuaji. Mtazame akipumua kwa shida, akivimba miguu, akiongezeka uzito ghafla, akichoka ngazi alizozipanda jana bila taabu. Hapo ni simu, si kesho.

Jambo jingine. Kama lugha ya madaktari wake inamsumbua, aombe mkalimani wa hospitali. Wewe uwe dada yake, uwe na nafasi ya kusema "namwona akimeza" kwa sauti yako mwenyewe.

-----

Shikamoo mzee, na asante mfamasia. Leo nimewauliza, wamekubali kumpima hiyo jeni na dozi wameipandisha. Ila wamempa flukonazoli ya fangasi mdomoni. Hiyo vipi?

-----

Marahaba, mwanangu. Hilo namwachia mfamasia.

-----

Dada, umefanya vyema kuuliza. Flukonazoli huzuia vimeng'enya hivyohivyo, kwa hiyo sasa kiwango kinaweza kupanda kupita kiasi, na takrolimusi ikizidi huumiza figo na kuleta mtetemeko wa mikono. Hakikisha wanaoshughulikia moyo wanajua siku aliyoianza na siku atakayoimaliza, kwa sababu dozi itabidi ishushwe na kupandishwa tena. Klarithromaisini, ambayo ni antibiotiki, na tunda la balungi nazo ni hivyohivyo.

Na akiharisha, usidhani dawa imetoka yote ukamwongezea kidonge. Utumbo ukiugua, vimeng'enya vyake hupungua na kiwango kwenye damu hupanda. Apimwe siku hiyohiyo.