"Nchi hii bado maskini, mama": nimeambiwa leo na mtu aliyeacha V8 inaunguruma nje haina mtu ndani!!!

Mama Sweta (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo, salamu zimeishia hapo. Mkono unatetemeka ninavyoandika.

Nimetoka sasa hivi kwa bwana yule. Mnamjua. Yule wa kiti cha kuzunguka, ambaye meza yake ina kioo na chini ya kioo kuna picha yake mwenyewe anakabidhi madawati. Kama umewahi kuomba mkopo wa kikundi hapa Arusha umeshamwona, na kama hujamwona basi umemsubiri.

Ameniambia, na ninanukuu: "Nchi hii bado maskini, mama. Tuvumiliane."

MASKINI. Huku gari inaunguruma chini ya dirisha.

Ngojeni nianze mwanzo. Tupo akina mama saba, tunafuma sweta za shule. Mashine ni mbili na moja inakohoa kuliko mgonjwa. Oktoba tukaomba ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu. Haina riba, na ipo kwenye sheria, si sadaka ya mtu. Tukajaza kwenye mfumo. Tukaambiwa sawa, sasa leteni na makaratasi. Katiba, muhtasari wa kikao, mchanganuo wa biashara, picha za paspoti saba. Tukaleta. Novemba, njoo kesho. Desemba, mhusika yupo semina. Januari shule zinafunguliwa, wazazi wanatafuta sweta mji mzima kama wanatafuta maji, mhusika yupo semina ya kuelezwa yaliyosemwa kwenye semina ya Desemba. Nimepanda ngazi zile mpaka mlinzi ananiuliza watoto hawajambo.

Leo nimeingia. Naona faili letu lipo mezani! Moyo ukaruka. Kumbe limewekewa kikombe cha chai juu. Akakinyanyua, akanywa, akakirudisha PALE PALE. Akanyanyua tena, akarudisha. Duara la chai limekaa juu ya jina la kikundi. Katiba yetu sasa ina mihuri miwili, wa kata na wa kikombe.

Akasema, "Mama, wenzako wanajiongeza. Mkono mtupu haulambwi." Nikamjibu kwa adabu, baba, tukianza kukupa wewe kabla hatujapata, marejesho tutayatoa wapi? Ndipo akaegemea kiti, kiti kikalia kwiii, akatazama dirishani, akashusha pumzi kama mtu aliyefiwa, akasema nchi hii bado maskini.

Na mimi nikatazama dirishani. V8 ipo chini, vioo vimepandishwa, injini inaunguruma. Dereva kakaa nje kwenye kivuli cha mjakaranda anatafuna muhindi. Ndani hamna kiumbe. Kiyoyozi kinapuliza siti. Nimekaa mle dakika arobaini na gari haijazimwa. Arusha jamani! Mji ambao watu tunaishi kwa kuuza sweta, siti inapozwa!

Nimeshindwa hata kupanda hiace. Nimetembea mpaka mnara wa Mwenge nikakaa. Mji huu huu, mwaka 1967, kwenye Azimio la Arusha, wazee walisema ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha hawakuiweka humo. Wakasema kiongozi asiwe na mishahara miwili wala nyumba za kupangisha. Watu tupo, mimi mmoja wao, nina mashine inayokohoa. Ardhi ipo. Sasa hebu niambieni kilichopungua.

Nchi si maskini. Inafanywa maskini kila siku ya kazi, kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu, na mtu anayeifanya hivyo ndiye anayeniambia TUVUMILIANE.

Napita Tu

Nimekaa hapa na karanga zangu.

Chalii wa Mbauda

Punguza povu mama, skrini imelowa. Ila namjua. Mimi aliniambia "bajeti haijashuka". Nikasubiri ishuke mwaka mzima, nadhani ilishuka kwa mlango wa nyuma.

Bodaboda wa Sakina

Mleta mada una bahati umekaa dakika arobaini kwenye kiti. Sisi tunasimama juani. Kila asubuhi kuna afande mmoja, mnamjua, anatuomba "ya maji". Kwa maji anayokunywa yule mto Themi ungekuwa umekauka. Leteni uzi wa afande tuchangie.

Mama Sweta (mleta uzi)

Afande wako hajakuwekea kikombe juu ya katiba. Tusichanganye mambo.

Binti wa Ngarenaro

Dada piga 113, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, simu ni bure. Sheria ya 2007 haisubiri upokee wala utoe, mtu akiomba tu tayari ni kosa.

Mama Sweta (mleta uzi)

Nipige niseme nini? Hakutaja kiasi! Kasema "jiongeze". Wameshasoma sheria kutuzidi, wanaomba kwa methali. Nimwambie afisa mtuhumiwa amenitamkia mkono mtupu haulambwi? Atanijibu hiyo ipo kwenye kitabu cha darasa la tano.

Napita Tu

Hii chai.

Mama Sweta (mleta uzi)

CHAI IPO, imemwagikia jina la kikundi changu, nimeipiga picha!

Mzee wa Kaloleni

Wanangu, mimi Azimio lilinikuta na akili zangu. Mama ametaja masharti ya viongozi vizuri, lakini hakumaliza. Masharti yale yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, ndipo mishahara miwili ikaruhusiwa, hisa zikaruhusiwa, na nyumba za kupangisha zikaota kama uyoga. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Warioba ikaandika ripoti nene kuhusu rushwa. Tukaambiwa itafanyiwa kazi. Nimezeeka.

Chalii wa Mbauda

Mzee shikamoo, lakini mbona enzi zenu za masharti hamkuwa na sabuni? Mwalimu hakuwa mwizi, hilo hata adui yake anakubali. Na bado bibi yangu alipanga foleni ya sukari tangu alfajiri. Kwa hiyo uongozi safi peke yake haushibishi.

Mzee wa Kaloleni

Marahaba. Foleni ilikuwepo, siwezi kudanganya. Vita vya Kagera, mafuta kupanda bei, ukame, na mashirika ya umma ambayo mtu alipewa ukubwa na kazi haijui. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine, mtu wetu wa Monduli, akaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Jirani yangu alikuwa ameficha katoni za sabuni chini ya kitanda. Usiku akazibeba kichwani akazitupa mtoni. Asubuhi mto unatoa povu mpaka darajani, akina mama wakateremka na nguo zao wakafua bure. Hiyo ndiyo siku pekee sabuni ya yule bwana ilimfikia mwananchi.

Binti wa Ngarenaro

🤣🤣🤣 Mzee fungua uzi wako.

Msomi wa Njiro

Naomba niweke hoja maana mnacheka tu. Botswana ilipata uhuru 1966, miaka mitano baada yetu, ikiwa na kama kilomita 12 za lami nchi nzima. Mwaka ule ule wa Azimio, 1967, wakapata almasi Orapa. Sisi ya Mwadui ilishagunduliwa tangu 1940. Tuliwatangulia kwa jiwe na kwa uhuru, wakatupita. Fedha ya almasi waliiweka mahali inapoonekana, mikataba ikafanywa na serikali na siyo na mfuko wa mtu, na mwaka 1994 wakaunda chombo chao cha rushwa.

Chalii wa Mbauda

Msomi ameleta projekta.

Mwana wa Lemara

Msomi malizia na upande wa pili. Botswana hiyo hiyo ni kati ya nchi zenye pengo kubwa kabisa la kipato duniani. Vijana hawana kazi. Lami ipo, anayeitembea kwa gari ni mwingine. Wewe unaweza kuwa na serikali isiyoiba sana na bado mama anayefuma sweta akabaki na mashine inayokohoa.

Msomi wa Njiro

Sikatai. Ila mashine inayokohoa kwenye nchi yenye daftari safi unaweza kuidai. Hapa unaidai kwa nani?

Mama Sweta (mleta uzi)

Kwa yule wa kikombe! Ndicho ninachosema! Msinipeleke Botswana, mimi nipo Kijenge. Mkopo ule ulisimamishwa nchi nzima 2023 kwa sababu ya vikundi hewa, watu wasiokuwepo walikopa wakala. Ukarudishwa na masharti mengi ili kuzuia wezi, sasa masharti yametubana sisi tuliopo. Vikundi hewa havikuwahi kusubiri Januari ipite, vilipata kwa sababu vilijiongeza. Sisi saba tuna sura, tuna vidole, tuna picha za paspoti, ndio tunaambiwa nchi maskini. Na ile gari INAUNGURUMA jamani, naisikia mpaka sasa hivi.

Dereva Mkongwe

Naomba nitetee wenzangu. Mimi naendesha gari za hivyo, si hiyo. Bosi akitoka akakuta siti ya moto anayefokewa ni mimi. Mnamwona dereva anakula muhindi mnadhani anafaidi. Huo muhindi ndiyo chakula chake cha mchana, posho ya safari mwezi wa nne huu hajaiona. Bosi analala hotelini, dereva analala kwenye siti hiyo hiyo mnayoisema inapozwa. Nyie hamjui.

Binti wa Ngarenaro

Pole kaka. Miezi minne?

Dereva Mkongwe

Minne. Na tairi nimelipa mimi kule Karatu.

Bodaboda wa Sakina

Sasa wewe unalia una mshahara? Na afande wangu je?

Chalii wa Mbauda

Mimi kitu kimoja nimekiona kwa macho, nilikuwa Mirerani. Kabla ya ukuta, tanzanaiti ilitoka imefichwa kwenye soksi, kwenye mkate, pengine nisikopataja. Dunia nzima jiwe hili lipo pale tu, na mnunuzi mkubwa alikuwa nchi nyingine. 2018 ukazinduliwa ukuta wa kilomita 24, geti moja. 2020 mchimbaji mdogo akatoka na mawe mawili, la kilo 9.2 na la kilo 5.1, akaiuzia serikali mchana kweupe kwa bilioni 7.7. Jiwe ni lile lile, mlima ni ule ule, kilichobadilika ni geti.

Mwana wa Lemara

Na mchimbaji wa kibarua aliyekuwa anashuka shimoni na tochi kichwani kwa ujira wa ugali, yeye alibadilikiwa nini? Akitoka getini anapekuliwa mpaka fizi. V8 ikipita getini inapigiwa saluti.

Chalii wa Mbauda

Hapo umenipata.

Mangi wa Kibosho

Watu wa Arusha mnapenda kelele. Huku Moshi sisi tuliibiwa kimyakimya na kwa risiti. Babu yangu alikuwa mwanachama wa ushirika, KNCU ile ya 1933, kahawa ilisomesha baba na wadogo zake wote. Mimi nimerithi mibuni, napeleka kahawa, nalipwa malipo ya awali, ya pili naambiwa nisubiri mnada. Kikombe kimoja huko Ulaya kinauzwa bei ambayo mimi napata kwa kilo nzima. Nimeng'oa nusu nimepanda ndizi. Malalamiko ya sweta ni madogo.

Mama Sweta (mleta uzi)

Mangi mimi sijadharau kahawa yako, usidharau sweta yangu.

Mangi wa Kibosho

Nisamehe dada. Lakini huku kwetu angalau mji ni msafi. Ukitupa ganda la pipi Moshi mjini unalipa faini.

Chalii wa Mbauda

Ndiyo maana mnakuja kulitupia Arusha.

Bodaboda wa Sakina

Faini analipwa nani? Rudini kwenye mada ya afande.

Mzee wa Kaloleni

Mangi, ndizi gani ulizopanda?

Mangi wa Kibosho

Mshare na ng'ombe kidogo wa maziwa, mzee wangu. Mshare ndiyo ya mtori.

Mwana wa Lemara

Mtori ni uji wa wagonjwa. Chakula ni machalari.

Mangi wa Kibosho

Umekosea njia. Rudia tena hiyo kauli ukiwa Kibosho.

Mama wa Wawili

Samahani nimeingia katikati. Mleta uzi una sweta ya maruni, mikono mirefu, ya mtoto wa darasa la tatu? Ya zamani ameipoteza na muhula bado mrefu, asubuhi baridi.

Mama Sweta (mleta uzi)

Ipo dada. Maruni ninazo nne zimebaki. Njoo chemba nikupe bei na mahali. Na wengine msihame mada, bwana yule kasema nchi maskini huku gari inaunguruma!

Binti wa Ngarenaro

Mama Sweta na kijani ya shingo ya V unayo?

Mama Sweta (mleta uzi)

Kijani nafuma Jumatano, ile mashine nyingine ikipoa.

Mzee wa Kaloleni

Mwana wa Lemara, machalari bila mshare unaweka ndizi gani? Nataka kujua kabla sijakasirika.

Mwana wa Lemara

Mzee wangu, shikamoo kwanza.