Mwanangu kaniuliza kwa nini korosho iko nje ya bibo, nikakosa jibu

MamaMikorosho (Nanguruwe, Mtwara)
Assalaam alaykum, na wasio Waislamu habari za jioni. Jumamosi tulikuwa tunaokota korosho na mwanangu wa darasa la sita. Akashika bibo jekundu, akasema: "Mama, papai mbegu iko ndani, embe ndani, chungwa ndani. Hii kwa nini iko nje?" Nikamjibu kama bibi yangu alivyonijibu mimi, kwamba ni kudura ya Mungu. Akaniambia mwalimu kawafundisha kuwa bibo ni kikonyo kilichovimba, tunda lenyewe ni korosho. "Sasa kama sababu inajulikana, Mungu yuko wapi hapo?"

Hakuwa na ujeuri, alitaka kujua. Nikanyamaza, nikaendelea kunyofoa korosho. Tangu siku hiyo sina raha. Ninyi mngemjibu nini?

NahodhaMikindani
Waalaykum salaam binti yangu. Ya korosho siyajui, najua maji. Ujanani tulifundishwa: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bamvua, maji hujaa na kupwa sana; katikati yake, maji mafu, hujaa na kupwa kidogo; na kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Basi. Uzeeni ndipo mjukuu wangu akanichorea mchangani jua, dunia na mwezi, akanionyesha kuwa siku za bamvua vyote vitatu viko msitari mmoja, jua na mwezi vinaivuta bahari pamoja.

Usiku ule sikulala. Kumbe wake zetu wanaposhuka mwambani kutafuta pweza, siku yao imepangwa na jua lililo mbali kilomita milioni 150! Alfajiri nilikaa kwenye sijida hadi mke wangu akaja kuniangalia. Mtoto kaonyeshwa kazi inavyokwenda, hajaambiwa kazi haina mwenyewe.

Mkulima_Newala
Mzee wangu shikamoo, maneno yako yameniingia. Ila niulize. Na ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, je? Mwaka juzi mikorosho yangu ilichanua nikaanza kupiga hesabu ya bati. Kukaja asubuhi za ukungu, maua yakawa meupe kama yamepakwa unga, yakakauka. Dawa yake, salfa, nilipata nimeshachelewa. Na hiyo nimwambie mwanangu ni hekima?

DadaNdanda
Kaka, pole sana. Mimi Mkatoliki. Ayubu aliuliza makali kuliko hayo, na Mungu hakumpa sababu. Alimtajia mvua, simba na makinda ya kunguru wanaolia njaa. Zamani jibu hilo lilinikera. Siku hizi naliona kama mtu aliyeshikwa mkono akatolewa nje.

MamaMikorosho (Nanguruwe, Mtwara)
Nahodha, shikamoo babu yangu, Mungu akuzidishie. Nilikwenda shambani peke yangu nikatazama upya kitu nilichokishika maisha yangu yote. Korosho ndiyo inayotangulia. Inakua hadi kufikia ukubwa wake, ikiwa ya kijani, na bibo bado ni kijiti tu. Mbegu ikishakomaa ndipo bibo linavimba, linapata rangi na harufu. Na ganda lina mafuta yanayobabua. Mikono yangu ina makovu yake. Popo anabeba bibo, anakula utamu, korosho anaitupa. Ndiyo maana kila msimu naokota korosho chini ya mwembe wangu! Mnyama kalipwa ujira wa kubeba, mzigo umefungwa asiufungue.

Nikaikumbuka aya ya 99 ya Suratul An'am, tunapoamrishwa tuyatazame matunda mti unapozaa na yanapoiva. Tutazame, wala hatukuambiwa tusiulize. Mimi nilikuwa nasema "kudura" ili maswali yaishe, na hilo nimemwomba mwanangu radhi.

Kaka wa Newala, kwako sina jibu. Ubwiri unga ulishanikuta pia, na nililia chini ya mti. Sitakwambia ilikuwa hekima kwa sababu sikuiona.

Mtoto nilimweleza yote, pamoja na bahari ya Nahodha. Akaniomba uzi. Amefunga korosho tatu changa kwenye mkorosho uliochelewa kuchanua, na kila asubuhi kabla ya shule anakwenda na rula kupima, anaandika nyuma ya daftari. Leo kaniambia bibo bado halijaanza.